Je, Wajua? Kwa Nini Mtaalamu wa Data wa Magharibi mwa Kenya Huanzia Kwenye Rejista ya Zahanati

Kijana anayemaliza shahada ya takwimu, hisabati au kompyuta huko Maseno, Kakamega au Njoro mara nyingi huambiwa kwamba sayansi ya data ni kazi ya Nairobi, ya benki, kampuni za simu na za bima, na kwamba anayetaka kuifanya kwa manufaa ya jamii hana budi kungoja ufadhili wa kwenda ng'ambo. Maneno hayo humpotosha. Ni sehemu chache za Afrika Mashariki ambako kaya zimehesabiwa na kufuatiliwa kwa muda mrefu kama Asembo na Gem katika Kaunti ya Siaya. Je, taaluma hii hujengwaje na mtu aliye Kisumu, Siaya au Busia?

Tuanze na maana yake. Sayansi ya data kwa manufaa ya jamii ni matumizi ya takwimu na programu za kompyuta katika kujibu maswali ya afya, elimu, maji, kilimo na umaskini, ambamo faida inayotafutwa ni ya watu wanaohesabiwa wenyewe. Jina hilo lilipata umaarufu baada ya Chuo Kikuu cha Chicago kuanzisha mpango wa mafunzo ya aina hiyo mwaka 2013, lakini kazi yenyewe ilikuwa imekwisha kufanyika huku kwetu. Katika miaka ya 1990, watafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na wenzao wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, waligawa vyandarua vilivyotiwa dawa katika vijiji vya Asembo na Gem vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, wakalinganisha na vijiji vilivyosubiri zamu yake, wakaona kwamba vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa takriban asilimia 16. Mwaka 2001 ulianzishwa mfumo wa kudumu wa kufuatilia kaya katika eneo hilo, na wahudumu wake wakawa wakipita nyumba kwa nyumba wakiandika nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama. Huko Eldoret nako, haja ya kutunza rekodi za wagonjwa wa UKIMWI ilizaa OpenMRS, programu huria iliyobuniwa kuanzia mwaka 2004, ikaanza kutumika huko mwaka 2006, na ambayo sasa hutumiwa katika nchi nyingi.

Mfano unaonifundisha zaidi, hata hivyo, ni ule wa mapaa. Shirika la GiveDirectly, linalowatumia watu maskini fedha kwa simu bila masharti, lilianza kazi yake Siaya, na kwa miaka kadhaa lilimtambua mhitaji kwa paa la nyumba yake: aliyeezeka kwa nyasi alistahili, aliyeezeka kwa bati hakustahili. Kutafuta vijiji vyenye mapaa mengi ya nyasi kwa kutembea kulikuwa kazi ya gharama. Wataalamu wa kujitolea wa DataKind, shirika lililoanzishwa mwaka 2011, wakachukua picha za setilaiti. Watu wakatia alama kwenye mapaa waliyoyaona, na kompyuta ikafundishwa kutofautisha mng'ao wa bati na rangi ya nyasi, hata ikaweza kukadiria ni vijiji vipi vyenye nyasi nyingi zaidi. Hiyo ni kazi ya ustadi, na iliokoa muda mwingi wa watu wa nyanjani.

Lakini paa halisemi yote. Mjane anaweza kuwa na bati alilowekewa na mwanawe miaka kumi iliyopita, na ndani ya nyumba hiyo hiyo kusiwe na unga wa kesho. Baadaye shirika lenyewe liliacha kigezo cha paa na kuanza kuzipa kaya zote za kijiji kilichochaguliwa. Lilipoingia Homa Bay mwaka 2015, watu wengi walizikataa fedha hizo, kwa uvumi kwamba fedha za bure haziwezi kuwa za heri, kwamba huenda zinatoka kwa waabudu shetani. Hakuna picha ya setilaiti ambayo ingeonyesha jambo hilo. Angeweza kulibashiri mtu aliyekulia pale, aliyekaa kwenye baraza la chifu na kusikia mazungumzo ya sokoni, na hapo ndipo ninapoamini kwamba kijana wa magharibi mwa Kenya ana mtaji ambao hauuzwi katika kozi yoyote.

Mtaji huo huonekana wazi zaidi katika zahanati. Mgonjwa akifika, jina lake, umri, kijiji, ugonjwa na dawa aliyopewa huandikwa katika rejista. Watoto wa chini ya miaka 5 hujumlishwa katika fomu ya Wizara ya Afya iitwayo MOH 705A, yenye safu ya kila siku ya mwezi na mistari ya magonjwa, ambamo malaria inayoshukiwa ina mstari wake na malaria iliyothibitishwa kwa kipimo ina wake. Mwisho wa mwezi jumla hizo huingizwa katika DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya ambao Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011. Sasa fikiria kwamba vipimo vya haraka vya malaria vimeisha kwa wiki tatu. Mstari wa malaria iliyothibitishwa utaporomoka, na mchambuzi asiyeijua zahanati ataandika kwamba ugonjwa umepungua, ilhali mbu ni wale wale. Mwaka 2017 wauguzi wa hospitali za umma waligoma kuanzia Juni hadi Novemba. Anayechora grafu ya chanjo za mwaka huo bila kukumbuka mgomo atapata maelezo ya uongo yaliyopambwa kwa hesabu sahihi.

Kwa hiyo ngazi ya kwanza ya taaluma hii, kwa maoni yangu, haipaswi kudharauliwa: karani wa sensa, mkusanyaji wa data wa mradi wa utafiti, mwingizaji wa data hospitalini. Aliyeuliza maswali nyumba kwa nyumba akiwa na kishikwambi jua la saa saba anajua ni swali gani watu hulijibu ili tu wamalizane nawe. Kutoka hapo mtu hupanda hadi ufuatiliaji na tathmini katika mashirika, uchambuzi katika taasisi za utafiti za Kisian na Kisumu, au idara za kaunti, ambako maafisa wa kumbukumbu za afya wamekuwa wakihitaji wenzao wanaoweza kuzisoma takwimu zao. Zana si kikwazo: R na Python za kuchambulia data, na QGIS ya kuchorea ramani, hupatikana bure. Elimu ya takwimu yenyewe, yaani sampuli, upendeleo wa data na namna ya kupima kutokuwa na hakika, ndiyo inayohitaji miaka.

Suala la siri lina uzito wa pekee. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na utafiti unahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, pamoja na idhini ya kamati ya maadili. Katika kata ndogo, kufuta jina hakutoshi; umri, jinsia na kijiji vikiwekwa pamoja na hali ya VVU, majirani watamtambua mtu mara moja. Mchambuzi wa kwao hulijua hilo kabla ya kuisoma sheria.

Anayetaka kuanza mwaka huu na achague swali moja dogo la kaunti yake linaloweza kujibiwa kwa data zilizokwisha kutangazwa, kama jedwali za sensa ya 2019 zilizotolewa na Shirika la Taifa la Takwimu: kwa mfano, ni kaunti ndogo zipi za Siaya ambako kaya nyingi bado huteka maji mtoni au ziwani. Aandike alivyozisafisha data hizo na yale ambayo haziwezi kuyajibu, kisha aipeleke kazi hiyo kwa afisa wa maji wa kaunti na kuomba akosolewe, kwa sababu afisa huyo anajua ni visima vipi vilivyokauka baada ya sensa kupita.