Ng'ombe wa Oktoba, majani ya Machi

Kila ifikapo Oktoba, simu ninazopigiwa kutoka Bahi, Chamwino na Kongwa huwa zinafanana. "Bwana mifugo, ng'ombe wamekonda, tuletee dawa." Nikienda, mara nyingine nakuta minyoo kweli, mara nyingine ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe. Lakini mara nyingi zaidi nakuta njaa, na njaa haina sindano.

Nafanya kazi na wafugaji wa asili wa Dodoma: Wagogo, Wamasai, Wabarbaig. Ningepewa nafasi ya kubadilisha jambo moja tu, nisingeanza na mbegu bora za ng'ombe wala dawa. Ningeanza na majani ya mwezi Machi.

Mvua yetu ni ya msimu mmoja. Huanza Desemba, hukata Aprili, na mwaka ukiwa mzuri hufika milimita 500 hadi 600. Baada ya hapo ni ukavu, miezi saba hivi. Katika miezi hiyo majani hupungua, na yale yanayobaki hupoteza nguvu. Jani linaloanza kutoa maua lina protini ya kutosha. Likishakomaa, likatoa mbegu na kukauka likiwa limesimama, protini inaweza kushuka hadi asilimia 3 au 4. Sasa, tumbo kubwa la ng'ombe limejaa vijidudu vinavyomsaidia kusaga nyuzi za majani, na vijidudu hivyo vinahitaji chakula chenye protini isiyopungua asilimia 7 hivi. Vikiikosa, kazi inalala. Majani yanakaa tumboni muda mrefu bila kusagika, ng'ombe anaonekana ameshiba, kumbe anakula mwili wake mwenyewe. Ndiyo maana mzee anaweza kuniuliza, tena kwa haki kabisa, "Mbona malisho yapo?", huku mbavu za mbuguma wake zinahesabika.

Jike aliyekonda hivyo haingii joto, yaani hawi tayari kupandwa. Mimba ya ng'ombe ni miezi tisa na siku kidogo, kwa hiyo jike aliyelishwa vizuri anaweza kukaribia kuzaa kila mwaka. Wengi wa kwetu huzaa mara moja kwa miaka miwili. Hasara kubwa ya kiangazi ni huyo ndama ambaye hakuzaliwa, na hakuna anayemhesabu.

Dawa yake ni hei, yaani majani yanayofyekwa mabichi, kukaushwa na kuwekwa akiba ya kiangazi. Kutengeneza hei hakuhitaji trekta. Kunahitaji fyekeo, kamba ya katani na kasha la mbao lisilo na kitako wala mfuniko: urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Fyeka majani yanapoanza kuchanua, asubuhi umande ukishakauka. Yaanike siku mbili tatu ukiyageuza, mpaka ukiyasokota mkononi yasitoe unyevu, ila rangi ya kijani bado ipo na harufu yake ni tamu. Yakiwa meupe kama nyasi za kuezekea, umechelewa. Tandaza kamba mbili ndani ya kasha, jaza majani, mtu aingie ashindilie kwa miguu, jaza tena, shindilia tena, funga kamba, kisha nyanyua kasha. Robota moja hutoka na kilo 20 hivi. Liweke juu ya kichanja chini ya paa, mchwa na mbuzi wasilifikie. Ugumu wenyewe ni kwamba majani huchanua mvua bado ipo, hivyo fyeka kidogo kidogo, kiasi unachoweza kukiwahi wingu likitanda.

Ng'ombe wa kilo 250 hula karibu kilo 6 za chakula kikavu kwa siku. Sijawahi kumwambia mwenye ng'ombe 60 afyeke chakula cha kundi zima, maana hawezi. Namwambia achague: majike wanaonyonyesha, wenye mimba kubwa, na ndama. Jike mmoja apewe kilo 2 jioni akirudi kutoka machungani, kwa siku 90 kuanzia Septemba hadi Novemba. Hizo ni kilo 180, yaani marobota 9. Majike watano, marobota 45. Hiyo ni kazi ambayo kaya inaiweza. Ukiongeza nusu kilo ya mashudu ya alizeti, ambayo hapa Dodoma na Singida hayako mbali kwa sababu ya mashine za kukamua mafuta, wale vijidudu wanapata protini yao, na hata majani makavu ya porini yanaanza kusagika. Mabua ya mtama na uwele yasichomwe. Matunda ya migunga yanayodondoka kiangazi yaokotwe na kuwekwa kwenye magunia, mbuzi wanayapenda sana.

Pesa ya mashudu itoke wapi? Zizini. Na hapa nawaomba wataalamu wenzangu tuache kuwahubiria watu "punguzeni mifugo". Ng'ombe ni benki, ni mahari, ni ada ya shule, ni samadi na ni wa kukokota jembe. Ukame wa 2021/22 ulipoua mifugo kwa maelfu kule Simanjiro, mwenye kundi kubwa alibaki na kianzio na mwenye kundi dogo alibaki mikono mitupu. Wingi wa mifugo ni bima, na anayeutaka hesabu yake ina mantiki.

Swali ninalouliza mimi ni hili: ni yupi kati ya hawa hatakuongezea kitu mpaka Novemba? Hapo wenyewe huwataja: maksai wa ziada, madume wasio na kazi, mbuguma aliyepitiliza bila kushika mimba. Hao wauzwe Juni wangali na nyama. Tuseme dume ana kilo 250 mwezi Juni, na kufika Oktoba amepoteza kilo 40. Umemchunga na kumnywesha miezi minne ili ukauze ng'ombe mdogo zaidi, tena wakati kila mtu anaswaga wake mnadani na dalali anajua huna pa kurudi. Kwenye mnada wenye mizani, dai apimwe. Pasipo na mizani, utepe wa kupimia kifua hutoa makadirio mazuri kuliko jicho la mnunuzi.

Kinachobaki ni ardhi, na ndicho kigumu kuliko vyote. Wasukuma wana ngitili, Wamasai wana alalili: eneo linafungwa mvua zikianza na kufunguliwa kiangazi. Kaya inaweza kufunga ekari moja au mbili. Kwa eneo kubwa, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakipa kijiji uwezo wa kulitenga kupitia halmashauri yake na mkutano mkuu, na jirani zetu wa Kiteto wamekwenda mbali zaidi, ambako vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao. Naipendelea njia hiyo kuliko ya Kondoa, ambako mwaka 1979 serikali iliondoa mifugo yote katika eneo lililomomonyoka, chini ya mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma). Milima ilirudisha uoto kweli, lakini mifugo ilihamia kwenye ardhi ya wengine.

Chanjo na josho la kuua kupe vinabaki palepale. Hei haizuii chambavu, kimeta wala homa ya mapafu.

Kwa anayetaka kuanza msimu ujao, chagua majike watatu tu na uwawekee alama. Walishe hivyo, kisha andika tarehe waliyopandwa na tarehe waliyozaa, na ulinganishe na wenzao wa zizi hilohilo. Daftari la mtoto wa shule linatosha.