"Fundi, usiifue, upya utatoka": dhana potofu kuhusu bandana za leso

Hapa Lamu mteja akileta leso mpya, yaani kanga, nimkatie bandana, neno la kwanza huwa hilo. Namweleza, anaitikia, keshoye anakuja jirani yake na leso nyingine na neno lile lile. Nimechoka kulijibu kwa mdomo, acha niliandike.

Hicho mnachokiita upya ni dondo, yaani wanga wa kukaza nguo. Kitambaa hutiwa dondo kabla ya kupelekwa sokoni ili kikae wima dukani, king'ae, na kionekane kizito kuliko kilivyo. Litatoka tu, hupendi au unapenda. Swali ni litoke kabla ya mkasi au baada yake. Likitoka baada, linaondoka na umbo la bandana yako.

Pamba inapofumwa nyuzi zake huvutwa sana, hasa za mtande, zile zinazokwenda na urefu wa jora. Zikikutana na maji zinalegea na kujikunyata. Ndiyo maana nguo hurudi, na ndiyo maana hairudi sawasawa: urefu hupungua zaidi ya upana. Pamba nyepesi ambayo haijapata kufuliwa hurudi asilimia 3 hadi 5 hivi. Kwa bandana ya inchi 22, asilimia 5 ni inchi moja na ushee. Sasa upande mmoja ukipungua inchi na wa pili ukapungua robo inchi, mraba umekwisha. Ukikunja pembe kwa pembe ncha hazikutani, ukifunga upande mmoja unavuta na mwingine unalegea, na lawama ni ya fundi aliyekata. Nikiletewa bandana ya namna hiyo nitengeneze, sina la kufanya ila kufumua pindo pande zote nne, kuikata upya na kuirudisha ikiwa ndogo kuliko alivyotaka mwenyewe.

Kwa hiyo leso ifuliwe kwanza, na ifuliwe vile vile utakavyokuwa ukiifua siku zote. Kama kwenu hufuliwa kwa maji ya moto, iupate moto mapema. Anika kivulini, ipige pasi ingali na unyevu kidogo. Ndipo utafute mstari wa kukata, na mstari huo usiutafute kwa macho. Kata kitundu kidogo ukingoni, chomoa uzi mmoja kwa ncha ya sindano, uuvute taratibu huku ukikusanya kitambaa kwa mkono wa pili. Pale uzi ulipotoka pataonekana mfereji mwembamba kama unywele, ulionyooka kuliko mstari wowote wa chaki. Fuata huo na mkasi. Leso nyingi chapa yake imekaa upogo kidogo, na mtu akiona maua yanakwenda chini upande mmoja ananiambia nifuate maua. Sifuati. Bandana iliyokatwa kwa kufuata maua hujipinda ikishafuliwa. Iliyofuata uzi hubaki sawa miaka.

Tukiwa bado kwenye maji: chumvi. Karibu kila nyumba inaamini kwamba leso ikilowekwa kwenye maji ya chumvi rangi haichuji. Chumvi ina kazi wakati wa kutia rangi, kwani husaidia rangi kuingia ndani ya pamba. Kitambaa kikishamalizika na kufika dukani, chumvi haishiki kitu, na siki kwa pamba ni hivyo hivyo. Rangi inayochuja ni ile ya ziada iliyokaa juu ya nyuzi, na dawa yake ni kuitoa. Leso nyekundu au nyeusi ifue peke yake, suuza, rudia mpaka maji yatoke meupe. Chumvi yenu pikieni.

"Nikatie mshazari ili ivutike kichwani." Hili huletwa na waliowahi kusikia kwamba nguo ya mshazari, iliyokatwa kihanamu badala ya kufuata uzi, hulala vizuri mwilini, na ni kweli kwa gauni. Lakini bandana hukatwa kwa kufuata uzi, kisha hukunjwa pembe kwa pembe, na mkunjo huo wenyewe ndio mshazari. Ule ukingo unaoshika paji la uso tayari unavutika. Ukiikata mshazari kisha ukaikunja, mkunjo unaangukia kwenye uzi ulionyooka, unakuwa mkavu kama ukanda wa begi, na kingo zinalegea zikipinda kama mawimbi. Utakuwa umepoteza kitambaa ili upate kinyume cha ulichotaka.

Kuhusu kipimo kimoja kumtosha kila mtu, chukua futi tufanye hesabu. Kichwa cha mtu mzima huzunguka inchi 22 hivi. Bandana ya inchi 22, kutoka pembe hadi pembe, ni inchi 31. Toa 22, zinabaki 9, yaani nne na nusu kila upande, na fundo nalo linakula zake. Kwa kijana wa mashua aliyenyoa kichwa zinatosha. Kwa dada mwenye rasta au misuko hazitoshi hata kidogo, atazunguka mji mzima akikaza. Huyo nimkatie ya inchi 27, ambayo pembe kwa pembe ni 38, apate cha kufunga. Usisahau kuongeza nusu inchi kila upande kwa ajili ya pindo.

Leso moja hutoa mbili za inchi 27, na zikitolewa upande wa juu, chini hubaki ukanda mrefu wenye jina. Usiutupe, maana unajibu dhana nyingine: watu wanataka bandana ya mraba ambayo jina la leso lisomeke kwenye paji la uso. Haiwezekani. Jina limekaa sambamba na pindo. Ukikunja mraba pembe kwa pembe, maneno yanalala upande na nusu yake inaingia ndani ya mkunjo. Anayetaka jina lisomeke akate ukanda wa upana wa inchi 7 na urefu wa inchi 40, jina likae katikati kwa urefu na kwa upana, kisha akunje kingo ndani. Ule ndio utakaosomeka.

"Sina cherehani, basi siwezi." Mji huu una mafundi wa kofia za viua, kazi ya sindano na mkono mwanzo mwisho, halafu mtu anashindwa na pindo nne zilizonyooka? Kunja robo inchi, pasi, kunja robo nyingine, pasi, shona kwa mishono midogo. Kwenye pembe punguza ncha kabla ya kukunja ili pasiwe na bonge. Mwenye cherehani atie sindano namba 11 kwa leso na namba 14 kwa kitenge. Na ovaloki peke yake si pindo. Inazuia nyuzi kuchomoka, lakini ukingo hujikunja na kukwaruza shingo.

Poliesta na satini: eti ni bora kwa kuwa hazikunjamani. Poliesta hainywi jasho, na jua la kaskazi mnalijua. Satini inateleza juu ya nywele, jambo jema wakati wa kulala kwa sababu haizikwaruzi, na jambo baya ukiwa kwenye mashua kati ya hapa na kisiwa cha Manda.

La mwisho ni la kufunga. Wengi hukaza mpaka ngozi ya paji inavutika, wakidhani bandana hukaa kwa nguvu. Kukaza hivyo kila siku hukata nywele za pembeni, na kichwa kinauma bila sababu. Bandana hukaa kwa mahali pa fundo. Papasa kisogo, kuna mfupa uliotokeza. Fundo likae chini yake, juu kidogo ya shingo, na ule mfupa utalizuia lisipande. Ncha moja ya nyuma ipitishe chini ya fundo ndipo ufunge mara ya pili. Kidole kiweze kuingia kati ya kitambaa na sikio. Kisipoingia, fungua ufunge tena.