Mlango wa banda: yanayosemwa kuhusu dawa haramu katika mbio za farasi, na yalivyo kweli

Mbio zikiisha, mshindi harudi bandani kwake moja kwa moja. Saisi, yaani mtunza farasi, humwongoza hadi banda la vipimo, humwogesha, humnywesha maji na kumzungusha taratibu mpaka pumzi itulie. Kisha farasi huingizwa kwenye chumba kilichotandikwa majani makavu mapya, na mtu aliyeshika kikombe kilichofungwa kwenye ncha ya fimbo husimama ubavuni mwake akipiga mluzi. Farasi wengi wa mbio wamezoeshwa kukojoa wakisikia mluzi, kwa hiyo watu husubiri, wakati mwingine muda mrefu. Mkojo ukipatikana hugawanywa kwenye vyombo viwili, hutiwa lakiri na namba bila jina la farasi. Daktari huchukua na damu shingoni. Chombo kimoja hufunguliwa maabara, cha pili huhifadhiwa endapo mwenye farasi atabisha.

Ni kazi ya uangalifu mkubwa, na naiheshimu. Lakini imewafanya wapenzi wengi wa mbio za thorobredi, aina ya farasi waliozalishwa kwa ajili ya mbio, waamini mambo ambayo historia ya mchezo wenyewe inayakanusha. Nawapenda mno farasi hawa, ndiyo maana siwezi kuyaacha yapite.

"Mshindi hupimwa, kwa hiyo mdanganyifu atanaswa tu"

Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote. Maabara hujibu swali ililoulizwa. Hutafuta kemikali inayoijua, kwa kiwango inachoweza kukiona. Dawa ikiwa mpya, au ikiwa imetengenezwa makusudi ili isionekane, karatasi itatoka safi na farasi atapigiwa makofi.

Mwaka 2012 maabara moja iliyoko jimbo la Colorado, Marekani, iliboresha kipimo chake ili kutafuta dermofini, dawa kali ya kuua maumivu ambayo asili yake ni ngozi ya chura wa Amerika Kusini. Zaidi ya farasi 30 wa mbio kutoka majimbo kadhaa, yakiwemo Louisiana na New Mexico, walikutwa nayo. Si wote walikuwa thorobredi, lakini funzo lilikuwa moja. Kabla ya kipimo hicho kuboreshwa, mkojo wa aina hiyo hiyo ungepita bila shida.

Kesi kubwa zaidi ilikuja tarehe 9 Machi 2020, waendesha mashtaka wa serikali ya Marekani mjini New York walipotangaza mashtaka dhidi ya watu 27: wakufunzi, madaktari wa mifugo, wasambazaji wa dawa. Miongoni mwao walikuwamo Jason Servis na Jorge Navarro, wakufunzi waliokuwa wakisifiwa kwa asilimia yao kubwa ya ushindi. Siku tisa tu kabla, farasi wa Servis aitwaye Maximum Security alikuwa ameshinda Saudi Cup ya kwanza kabisa mjini Riyadh, mbio zilizokuwa na zawadi ya jumla ya dola milioni 20. Farasi wa wakufunzi hao walikuwa wamepimwa mara nyingi. Kilichowanasa ni simu zao, ambazo FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilikuwa ikizisikiliza. Wote wawili walikiri makosa. Navarro alihukumiwa miaka mitano jela mwishoni mwa 2021, na Servis miaka minne mwaka 2023.

Kwa hiyo mtu akikwambia "farasi wangu hajawahi kukutwa na kitu", amekwambia habari za vipimo. Hajakwambia bado habari za farasi.

"Dawa ni za kumfanya farasi akimbie zaidi"

Hapa wengi hushangaa. Ukitaka farasi ashinde, hata kwa dawa, bado unahitaji bahati: njia iwe wazi, jokii, yaani mpanda farasi wa mbio, asikosee, wapinzani wasiwe na siku njema. Ukitaka ashindwe, unahitaji sindano moja tu. Na anayejua kwa hakika kwamba farasi anayepewa nafasi kubwa hatashinda ana habari yenye thamani kubwa kwenye kamari, kwa sababu fedha za watu wote zimemwangukia farasi huyo.

Septemba 1990, kwenye mkutano wa mbio za St Leger huko Doncaster, Uingereza, farasi wawili, Bravefoot na Norwich, walikimbia vibaya kiasi cha kutia shaka. Vipimo vilionyesha asepromazini, dawa ya kutuliza ambayo madaktari wa mifugo huitumia kila siku kwa farasi mwenye wasiwasi, kwa mfano anapopakiwa kwenye gari au kupigiliwa viatu vya chuma kwatoni. Jaribu kuiona hali ilivyokuwa. Farasi amefika mapema kwenye mabanda ya uwanjani. Saisi wake ameondoka kidogo. Mtu anaingia, anavaa sura ya mwenyeji, anashika shingo, anachoma, anatoka. Ni kazi ya dakika moja. Farasi hapigi kelele, anasinzia tu kidogo, na baadaye jokii anapanda mgongoni mwake, bila kujua kwamba amekalia mnyama mwenye kilo 500 ambaye miguu yake haitamtii vizuri kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa.

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma kuliko fedha za kamari. Farasi aliyetulizwa kwa dawa anaweza kujikwaa, na walio nyuma yake wakamwangukia.

Jokii wa zamani, Dermot Browne, alikuja kukiri kwamba aliwatilia dawa farasi 23 ndani ya Agosti na Septemba mwaka huo. Hesabu hiyo irudie kichwani: si wawili waliogunduliwa, ni 23.

"Adui yuko nje ya uzio"

Baada ya Doncaster watu walizungumzia kufuli, vitambulisho na kamera, na walikuwa sahihi. Mtu wa nje yupo kweli. Mwaka 2007 huko Happy Valley, Hong Kong, kulifukuliwa mtambo uliofichwa chini ya nyasi karibu na mahali pa kuanzia mbio, wenye mirija 12 ya kurusha vishale kwa rimoti. Ulinzi wa nje ukilegea, watu wenye ubunifu wa namna hiyo hawakosekani.

Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Dawa nyingi huingia na mtu ambaye mlinzi humsalimu kwa jina kila asubuhi.

Aprili 2013 wakaguzi wa mamlaka ya mbio za Uingereza walikwenda Moulton Paddocks, Newmarket, kambi ya mazoezi ya Godolphin, kampuni ya farasi wa mbio ya mtawala wa Dubai. Walichukua sampuli za farasi 45 siku ambayo hakuna aliyekuwa akikimbia. Farasi 11 walikutwa na steroidi za kujenga misuli. Mkufunzi wao, Mahmood Al Zarooni, alifungiwa miaka minane kabla mwezi huo haujaisha. Kambi ile haikuwa na upungufu wa uzio wala walinzi. Steroidi ziliingia kwa mwenye funguo. Tena zingepimwa siku ya mbio tu, pengine zisingeonekana: steroidi hutumika wakati wa mazoezi, misuli hujengeka, dawa hutoka mwilini, faida hubaki.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Flemington, Melbourne, tarehe 7 Oktoba 2017. Wapelelezi wa mbio walimwona mfanyakazi akimpa tiba farasi aitwaye Lovani siku ya mbio, jambo linalokatazwa kabisa. Simu za wahusika zilipopekuliwa, ujumbe wao ulifunua mtindo uliodumu tangu 2010, zaidi ya mara 100. Kilichotumika kilikuwa mchanganyiko wenye magadi, yaani sodiamu bikaboneti, unaopunguza makali ya asidi kwenye damu ili farasi achelewe kuchoka. Si kemikali ya ajabu, ni kitu kinachopatikana jikoni. Vipimo vya magadi vipo na vinatumika duniani kote, lakini vina kiwango cha juu kinachoruhusiwa, na mjanja hujipimia akabaki chini yake. Macho ya mtu aliyesimama mahali pafaapo ndiyo yaliyofanya kile ambacho vipimo vya miaka saba havikufanya. Mkufunzi Robert Smerdon alifungiwa maisha.

Ninaposema ulinzi basi sina maana ya mlinzi getini peke yake. Nina maana ya daftari linaloonyesha nani aliingia kwenye chumba cha farasi gani na saa ngapi, kitabu cha matibabu kinachoweza kukaguliwa bila taarifa, marufuku ya mabomba ya sindano siku ya mbio, na mkaguzi anayetokea alfajiri bila kupiga simu kwanza. Kwenye Belmont Stakes ya 2012, mbio kubwa za New York, mamlaka ya mbio ya jimbo hilo iliamuru farasi wote washindani wakae kwenye banda moja linalolindwa siku kadhaa kabla ya mbio. Wakufunzi walilalamika kwamba farasi wanasumbuliwa. Naelewa, farasi hapendi kuhamishwa. Lakini nadhani kero hiyo ni ndogo kuliko mashaka.

"Akikutwa na dawa, mkufunzi wake ni mwizi"

La hasha. Hapa lazima nigeuke niwatetee wakufunzi, maana mitandaoni jina la mtu huchafuliwa kabla sampuli ya pili haijafunguliwa.

Mwaka 1979 farasi wa Uingereza aitwaye No Bombs alivuliwa ushindi kwa sababu ya theobromini na kafeini. Chanzo chake? Alikula chokoleti ya Mars ya saisi wake wakati wa safari. Mwaka 2014 Estimate, farasi wa Malkia Elizabeth II, aliyekuwa ameshinda Gold Cup ya Ascot mwaka uliotangulia, alimaliza wa pili kwenye mbio hizo hizo kisha akakutwa na mofini. Chakula chake kilikuwa kimechanganyika kiwandani na mbegu za mpopi, mmea ambao mofini hutokana nao. Nafasi ya pili alinyang'anywa hata hivyo, kwa kuwa kanuni haiulizi nia. Dawa ikiwemo mwilini siku ya mbio, matokeo hufutwa, na adhabu ya mkufunzi hupimwa peke yake.

Tatizo huja pale maelezo yanapokuwa ya kweli lakini yanashughulikiwa gizani. Aprili 2018 Justify alishinda Santa Anita Derby huko California, na sampuli yake ikaonyesha skopolamini. Kemikali hiyo imo kwenye mnanaha, gugu ambalo wakulima wanalijua vizuri na ambalo linaweza kuvunwa pamoja na majani ya farasi. Mamlaka ya California ilikubali maelezo hayo na kulifunga jambo faraghani. Kufikia Juni Justify alikuwa ameshinda Triple Crown, yaani mbio tatu kubwa za Marekani katika msimu mmoja. Umma ulikuja kujua Septemba 2019 kupitia gazeti la New York Times. Huenda mnanaha ndio uliokuwa chanzo kweli, lakini uamuzi ukifanywa kimya kimya, hata asiye na hatia hubaki na doa.

"Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo mno"

Farasi aitwaye Medina Spirit alishinda Kentucky Derby, mbio mashuhuri kuliko zote Marekani, tarehe 1 Mei 2021, akakutwa na pikogramu 21 za betamethasoni katika kila mililita ya damu. Pikogramu ni sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara trilioni moja, na watu wengi walicheka. Lakini mabaki madogo kwenye damu hayasemi dozi ilikuwa kubwa au ndogo, wala iliingia lini. Betamethasoni hutuliza uvimbe na maumivu, na ikichomwa kwenye kiungo, farasi mwenye kidonda cha ndani hukanyaga kama mzima. Ndiyo maana sheria za Kentucky hazikuruhusu hata chembe siku ya mbio. Upande wa mkufunzi wake, Bob Baffert, ulisema ilitokana na marhamu ya ugonjwa wa ngozi. Februari 2022 ushindi ulifutwa na kupewa Mandaloun, farasi aliyemaliza wa pili. Medina Spirit mwenyewe alikuwa amekwisha kufa, Desemba 2021, baada ya mazoezi Santa Anita. Uchunguzi wa mzoga haukupata sababu ya uhakika, kwa hiyo anayeunganisha kifo chake na dawa ile anasema asichoweza kukithibitisha.

Mawili ya haraka

Wapo wanaodhani kanuni ni zile zile kila mahali. Kwa miaka mingi farasi wa Marekani walikimbia wakiwa wamechomwa furosemidi, dawa ya kukojosha inayopunguza kuvuja damu mapafuni, wakati Ulaya ilikuwa haramu siku ya mbio. Ndani ya Marekani kwenyewe kila jimbo lilikuwa na sheria yake, hadi mamlaka ya kitaifa ya mbio za farasi, iitwayo kwa kifupi HISA, ilipoanza kusimamia dawa Mei 2023.

Na wapo wanaosema mbio zikipita, ushahidi umepotea. Nywele za farasi hutunza kumbukumbu ya miezi kadhaa. Sampuli hugandishwa na kupimwa upya kipimo kipya kinapopatikana. Binadamu nao huzungumza: Browne, aliyewachoma farasi 23 mwaka 1990, alifungiwa miaka 20 na Jockey Club, chombo kilichosimamia mbio Uingereza wakati huo, mwaka 2002, miaka 12 baada ya Norwich na Bravefoot kutoka kwenye mabanda ya Doncaster wakiwa wamelegea.