Sabufa moja ikifa, usiiue ya pili

Saa nne na robo usiku, sendofu, Mbagala. Turubai limefungwa kati ya nyumba mbili, viti vimejaa hadi njiani, bibi harusi mtarajiwa anaingia na wapambe wake kwa singeli aliyoichagua mwenyewe. Nilijua kwa kifua kabla ya sikio. Ule mzigo wa chini unaokugonga mbavuni ulipungua ghafla, kama watu wawili wamebeba meza na mmoja ameachia. Nikainama kutazama. Sabufa ya kushoto, spika ya besi, inawaka taa ya kijani, taa ya mawimbi ya muziki inapepesa kama kawaida, lakini koni, ule uso wa spika unaocheza, imetulia tuli. Haipumui.

Wengi mnaonisoma mnapiga muziki wa kuhama kama mimi: leo Mbagala, kesho Kibaha, na sabufa mbili za inchi 18 zenye amplifaya humohumo ndani. Kwa hiyo naeleza nilichofanya usiku ule, na zaidi nieleze nisichofanya, maana hicho ndicho nilichokilipia ada.

Ada yenyewe niliilipa miaka kadhaa nyuma, katika ukumbi mwingine. Sabufa moja ilizima wakati wa kufungua shampeni. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kitufe cha besi nikakipandisha. Muziki ukarudi, nikajiona mjanja. Ilipokaribia saa sita harufu ikanifikia pale mezani: vanishi inayoungua. Ukiisikia mara moja huisahau. Harusi niliimalizia kwa spika za juu peke yake, na asubuhi nikapeleka kwa fundi sabufa mbili badala ya moja.

Hesabu yake ni hii. Sabufa mbili zilizokaa pamoja na kusukuma pamoja zinakupa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) zaidi ya moja. Moja ikifa, hizo 6 zimeondoka. Ukitaka kuzirudisha kwa kitufe, iliyobaki unaidai wati mara nne. Wengi hudhani ni mara mbili. Kama ilikuwa inafanya kazi kwa wati 250, sasa unaitaka itoe 1,000. Na kama tayari ilikuwa inagusa taa nyekundu, hazina pa kutoka. Limita, kile kizuizi cha sauti ndani ya amplifaya, inabana, mawimbi yanakatwa vichwa, na karibu umeme wote huo unaishia kuwa joto kwenye koili, ule waya uliosukwa nyuma ya koni, kwa sababu spika yoyote hugeuza sehemu ndogo tu ya umeme kuwa sauti.

Joto nalo lina hila. Shaba ikipata moto ukinzani wake, yaani jinsi inavyouzuia umeme, hupanda, takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Koili iliyofika nyuzi 200 ina ukinzani uliozidi ule wa baridi kwa kama asilimia 70. Hapo inapokea wati pungufu, sauti inazama. DJ anasikia imezama, anaongeza. Koili inachemka zaidi, sauti inazama tena, naye anaongeza tena. Singeli ndiyo inayomaliza kazi: mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, koili haipati hata nafasi ya kupoa kati ya pigo na pigo. Taarabu ina huruma na vyombo, hilo nawaambia wazi.

Basi Mbagala sikugusa besi. Niliuacha wimbo uende hivyohivyo na upungufu wake mpaka bibi harusi akaketi na MC akashika maiki. Hapo ndipo nikapata dakika zangu tano.

Kwanza nilibadilishana waya. Waya wa mawimbi wa ile nzima nikauchomeka kwenye mgonjwa: kimya. Waya wa umeme nao hivyohivyo: kimya. Basi ugonjwa uko ndani, na usiku ule haukuwa wa kuufuata huko. Nikaizima, nikaisogeza pembeni. Mtu asikushawishi kufungua kabati katikati ya sherehe kwa tochi ya simu. Umeme wa volti 230 ukishanyooshwa hukaa kwenye kapasita, vitunza umeme vya ndani, kama volti 325, na unaweza kubaki humo dakika kadhaa baada ya kuchomoa plagi. Bisibisi moja iliyoteleza inatosha.

Halafu nikaivuta sabufa iliyobaki kutoka pembeni ya meza hadi kwenye kona ya ukuta wa nyumba. Besi haiendi mbele peke yake kama sauti ya mwimbaji. Inasambaa pande zote, hata nyuma ya kabati. Ukuta ulio karibu unairudisha. Kinadharia kila ukuta unaweza kukuongezea hadi desibeli 6. Mimi hujipangia 3, zikizidi nashukuru. Zile 3 hazimdai mtu wati hata moja.

Mwisho nikaenda kwenye spika za juu. Siku zote nazizuia zisipige sauti za chini ya hezi 100 ili besi ibaki kazi ya sabufa. Nikashusha hadi 60, kwa sababu za kwangu ni za inchi 15 na zinafika huko bila kulalamika. Sauti ya jumla nikaipunguza kidogo ili nazo zisiumie.

Hapa kuna mtego. Tazama waya wako unapita wapi. Wengi wetu tunatoka kwenye miksa, tunaingia sabufa, kisha sabufa inapeleka spika za juu. Kuna sabufa ambazo tundu la kutokea limeungwa moja kwa moja na la kuingilia. Hizo hata zikifa, mawimbi yanapita. Nyingine tundu hilo linapitia kwenye saketi ya kukatia besi, na saketi hiyo inahitaji umeme. Ikizima, na spika za juu zinanyamaza. Ijue ya kwako kabla ya siku hiyo: washa kila kitu, kisha zima sabufa peke yake usikilize. Kama spika za juu zinanyamaza, beba waya mrefu wa kutoka miksa moja kwa moja.

Nikiwa nimeinama hapo kona, mama mmoja wa kamati akanijia.

"DJ mwanangu, mbona muziki umepoa?"

"Shikamoo mama. Sabufa moja imegoma, naipanga upya hii nyingine. Dakika mbili tu."

"Marahaba. Usituangushe kwenye zawadi, hapo ndipo tutacheza."

Huwa nasema ukweli. Zamani nilikuwa nasingizia umeme, mpaka siku mwenye nyumba alipoleta fundi umeme wake kupima tundu mbele ya wageni.

Asubuhi kwa fundi, Kariakoo. Kabla sijaeleza, taa za nyuma ya kabati nazo ni lugha. Ikizima kabisa, bila taa yoyote, anza na waya, tundu na fyuzi. Fyuzi isome vizuri: ikiandikwa T ni ya kuchelewa, F ni ya haraka. Ukiweka F mahali pa T inaweza kukatika pale unapowasha, kwa sababu kapasita zinapojaa zinavuta umeme mwingi mara moja. Na ile tabia ya kufunga waya badala ya fyuzi, ambayo nimeikuta kwenye sabufa za watu wazima, sina la kuisemea. Taa nyekundu ya kujilinda ikibaki inawaka, amplifaya imeona kitu kibaya: joto, koili iliyogusana, au transista zake zenyewe. Hiyo usiilazimishe kwa kuwasha na kuzima. Transista ya kutolea ikiungua kwa kugusana inaweza kupeleka umeme wa moja kwa moja kwenye koili, na sasa una magonjwa mawili. Ya kwangu ilikuwa kijani na kimya, yaani amplifaya inaamini iko kazini. Hapo unamshuku aliye mbele yake: spika yenyewe.

Fundi wangu ni mzee asiye na haraka. Akafungua skrubu, akachomoa nyaya mbili zinazoingia kwenye spika, akaweka mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani. Spika iliyoandikwa omu 8 ikiwa nzima husoma kati ya 5 na 6.5 hivi, ya 4 husoma 3 na kitu. Yetu haikusoma chochote. Moyo ukanishuka. Yeye akanusa kwanza, kisha akaisukuma koni taratibu kwa viganja viwili, sawasawa pande zote, sikio limeegeshwa. Koili iliyoungua huvimba na kukwaruza. Hii iliteleza kama mlango uliotiwa mafuta.

"Koili haijaungua," akasema.

"Mbona mita haioni kitu, mzee?"

Akanionyesha zile nyaya mbili laini, zilizosukwa kama kamba ya kiatu, zinazotoka kwenye vibano vya fremu kwenda kwenye koni. Hizo hupinda kila koni inapocheza. Hesabu mwenyewe: sauti ya hezi 50 inazipinda mara 50 kwa sekunde, usiku kucha, kila wikendi. Mmoja ulikuwa umekatika shinani, umejificha ndani ya kijiganda chake. Akagusisha ncha ya mita upande wa pili wa mkato: 5.6.

"Kafa mshipa tu huyu."

Nikamwambia apige lehemu pale palipokatika niondoke. Akakataa. Lehemu hunywewa na zile nyuzi, waya laini unakuwa mgumu kama njiti, kisha unakatika tena sentimita moja pembeni. Alibadilisha zote mbili, wa kushoto na wa kulia, kwa waya uleule wa kusukwa, na akaacha mpindo wa kutosha ili koni ikienda mwisho isiuvute wala usipige fremu. Kisha akagusisha betri ya tochi ya volti 1.5: chanya kwa chanya, koni ikaruka kwenda mbele. Kipimo hicho kidogo msikidharau. Nyaya zikirudishwa kinyume, sabufa moja itavuta wakati nyingine inasukuma, na utashangaa kwa nini zikiwa mbili besi ni ndogo kuliko ikiwa moja.

Zile mbili za zamani, za ule ukumbi mwingine, hazikuwa na bahati hiyo. Nilitafuta fundi wa bei rahisi akanisukia koili upya kwa waya aliokuwa nao, mnene kuliko wa mwanzo. Zikalia vizuri wiki mbili. Omu zilikuwa zimeshuka, amplifaya iliyotengenezwa kwa 8 ikajikuta inabeba karibu 4, nayo ikaungua. Koili ikisukwa, ipimwe omu kabla haijarudi kwenye kabati. Kama haziendani na za mwanzo, isirudi.

Umeme niugusie, ingawa usiku ule haukuwa na kosa. Ekstensheni ya mita 50 yenye waya wa milimita 0.75 za mraba ina ukinzani wa kama omu 2.3 kwenda na kurudi. Ukivuta ampea 10, volti 23 zimebaki njiani. Waya wa 2.5 unapoteza 7 tu. Mwingine wa kuogopa ni nyutro iliyolegea kwenye ukumbi wenye fezi tatu: volti za tundu lako zinaweza kupanda kuelekea 400, na hapo sabufa haizimi, inalipuka. Mimi hupima kila tundu kabla ya kuchomeka chochote, na nikiona taa za ukumbi zinang'aa na kufifia kwa zamu, nachomoa kwanza, maswali baadaye.

Zawadi pale Mbagala zilitolewa hadi saa saba na nusu, na yule mama alicheza. Sabufa moja, kona ya ukuta, taa nyekundu haikuwaka hata mara moja. Nilipoishusha kutoka kwenye kirikuu alfajiri nikagusa bamba la nyuma: la moto, lakini mkono unavumilia.

Sasa kwenye boksi la vifaa nimeongeza fyuzi tatu za T na mita moja ndogo ya sokoni. Ile iliyotibiwa nimeiandika tarehe mgongoni kwa maka. Ya pili inafunguliwa wiki ijayo kabla haijasema kitu, maana zilinunuliwa siku moja, na mishipa yake imepinda mara zilezile.