Je, wajua kwa nini mtoto anaweza kukataa hata jambo analolipenda?

Mtoto anaomba kwenda kuogelea tangu asubuhi. Wakati umefika, mkoba uko tayari, unamwambia “haya, twende,” na papo hapo anajitupa sakafuni akilia kwamba haendi. Si deko, wala hajabadili mawazo. Mara nyingi bado anataka kwenda, na kushindwa kwake kunamuumiza kuliko kunavyokuudhi wewe.

Kwa baadhi ya watoto, hasa wenye usonji, kinachowashinda ni kule kuagizwa, si jambo lenyewe. Kwa Kiingereza huitwa “pathological demand avoidance” (PDA), yaani kukwepa maagizo kupita kiasi. Mwanasaikolojia Elizabeth Newson wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, alianza kuieleza hali hii miaka ya 1980, na mwaka 2003 yeye na wenzake wakachapisha makala iliyoifanya ijulikane zaidi. Haimo katika ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, kama hali inayojitegemea, na wataalamu bado wanabishana iwekwe wapi. Mzazi hana haja ya kungoja wamalize.

Mtoto akihisi uamuzi umemtoka mikononi, wasiwasi hupanda ghafla na mwili hujihami kana kwamba kuna hatari. Mwanzoni hukwepa taratibu: anabadilisha mada, anasema miguu inauma, anajifanya paka. Ukizidi kumbana, anapiga mayowe, anatupa vitu au anakimbia. Hapo adhabu huongeza hofu juu ya hofu. Chati za nyota, za kumpa mtoto nyota kila akifanya alichoambiwa, nazo husaidia siku chache kisha hugoma, maana zawadi yenye masharti ni agizo lililovishwa nguo nzuri. Hata sifa huweza kuharibu: “Hongera, leo umepiga mswaki!” yeye anasikia “na kesho pia.”

Anza kwa kuhesabu maagizo. Andika kila anachotakiwa kufanya tangu kuamka hadi kutoka nyumbani: kuamka, kuitikia salamu, kunawa, kuvua, kuvaa, kula, kujibu maswali. Ongeza na yale yanayotoka mwilini mwake, yaani njaa na haja. Orodha itakushtua. Pigia mstari ya usalama na afya tu. Mengine yapunguze bila kuona haya. Alale amevaa nguo za kesho. Ale akiwa amesimama. Salamu isubiri.

Yanayobaki, yaseme kwa namna nyingine. Badala ya “vaa viatu,” sema “viatu viko mlangoni,” kisha vaa vyako, geuka pembeni, nyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu, na ndipo wengi tunapoharibu: tunamtazama, tunarudia, tunaongeza “haya basi,” na maelezo yanageuka amri upya. Mpe dakika kadhaa kamili. Asipovaa, vichukue mkononi. Anaweza kuvivalia njiani. Kumchagulisha, “chekundu au cha bluu?”, kunawafaa baadhi, lakini siku ya wasiwasi mwingi swali hilo nalo ni mzigo. Mbinu yoyote huchuja ikizoeleka, kwa hiyo uwe na tatu au nne za kubadilishana.

Kwa yasiyo na mjadala, sheria isiwe yako. “Gari haliondoki mpaka mikanda yote ifungwe” humezeka vizuri kuliko “nimekwambia funga mkanda,” kwa kuwa hakuna mtu wa kushindana naye.

Huenda mwalimu akakwambia shuleni hana shida kabisa. Inawezekana: watoto wengi hujibana kutwa nzima, kisha hulipuka wakifika nyumbani. Nusu saa ya kwanza usimuulize lolote, hata “siku ilikuwaje?” Weka chakula karibu naye, usimwambie ale.

Akilipuka, acha kuongea. Ondoa vinavyovunjika, wapeleke ndugu zake chumba kingine, punguza mwanga, kaa mahali anapokuona bila kumziba njia. Usimshike ila akiwa hatarini kuumia. Akitulia, usimdai maneno ya “samahani” wala maelezo. Zungumzeni baadaye, mkiwa mnafanya jambo jingine ubavu kwa ubavu.

Kupunguza maagizo si kuyafuta milele. Ukiona analala vizuri, anacheka, anaanza vitu mwenyewe, rudisha agizo moja dogo, kwanza siku ya mapumziko, ndipo siku ya shule. Likimzidi, liondoe kimya kimya na ulijaribu tena baada ya majuma machache.