Je, wajua kwa nini raba laini ndiyo inayochosha miguu?

Kwenye meza za mitumba Mtwara mjini, raba hukaguliwa kwa dole gumba. Mnunuzi anaingiza mkono ndani, anabonyeza penye kisigino, akiona panabonyea anauliza bei. Zile raba bapa za vijana, soli nyeupe na mstari ubavuni, hufaulu mtihani huu kirahisi. Kisha mtu anazivaa, anakata mguu hadi Mikindani, kilomita kama 10, na jioni nyayo zinawaka moto. Lawama zote kwa muuzaji: kauza feki.

Mara nyingi si feki. Kibaya ni mtihani wenyewe. Dole gumba hupima ulaini, na ulaini haushiki mguu. Kiatu laini hupunguza kishindo cha kisigino kikigonga chini, basi. Kinachoshika mguu hukizuia kisigino kisiyumbe na huutawanya uzito kwenye unyayo mzima. Kiatu kimoja kinaweza kuwa na sifa zote mbili, au moja tu, na ile ya pili dole halina namna ya kuijua. Tena dole hubonyeza kidogo tu, ilhali kisigino hushuka na uzito wa mwili mzima na ziada, maelfu ya mara kwa siku.

Chukua godoro la sponji. Dukani ukilikalia unadidimia, unaona raha. Lalia usiku kucha: nyonga, kwa kuwa ni nzito, zinazama kuliko mabega, mgongo unapinda, misuli inahangaika kuunyoosha, asubuhi unaamka umechoka kuliko ulivyolala. Ndani ya kiatu, kisigino ndiyo nyonga. Kinazama, na ni nadra kizame wima. Kinaegemea upande, kisha misuli ya muundi na ya kifundo inakirudisha katikati. Hatua inayofuata, hivyo hivyo. Halafu sponji huchoka. Imejaa vipovu vya hewa, na kuta za vipovu zikikunjwa sana hazirudi zilivyokuwa. Ndiyo maana raba ya mtumba huja na kishimo cha kisigino tayari, ila kimechimbwa na kisigino cha mtu mwingine.

Ubapa wa raba hizi haukutokana na ubahili. Kampuni ya viatu ya Vans ilianza mwaka 1966 huko Anaheim, California, na wacheza ubao wa magurudumu wakazipenda soli zake za mpira kwa jinsi zinavyonata. Mwaka 1976 wachezaji wawili, Tony Alva na Stacy Peralta, walishiriki kubuni raba ya Era, iliyoongezwa sponji shingoni. Soli ilibaki nyembamba kwa sababu mchezaji anataka kuusikia ubao kwa nyayo. Mwenda kwa miguu wa Mtwara hana ubao wa kuusikia. Ana lami ya saa saba mchana.

Raba hizi zina namna kuu mbili. Ya kwanza huzungushiwa utepe wa mpira ubavuni, kisha kiatu kizima hupikwa kwenye tanuri ili mpira ukaze. Hujikunja kirahisi, ila sponji yake ya maana mara nyingi ni ile soli ya ndani tu. Ya pili soli yake ni bakuli lililofinyangwa, mguu unakaa ndani yake, na mara nyingi utaona uzi wa kushonea ukizunguka ukingo. Ni nzito na ngumu mwanzoni, lakini kwa kutembea mimi naichagua hiyo.

Mezani basi, liache dole. Minya kiatu nyuma ya kisigino: kikilala kama kitambaa, hakitakushika. Kikunje: kipinde penye vidole, si katikati. Kisokote kama unayekamua nguo, kisikubali kirahisi.

Hata hivyo, kiatu kigumu si dawa ya kila mguu. Wapo wenye unyayo bapa wasioumwa popote, na hao hawana haja ya kiatu cha kuwainua unyayo. Maumivu ya kisigino yasiyokwisha yanahitaji mganga wa hospitali kabla ya fundi viatu.

Raba yako ikiwa imelala ndani, badilisha soli ya ndani, fundi atakukatia. Itoe kwanza ile ya zamani. Ukizipandanisha mbili, mguu unainuka, shingo fupi ya raba haikifikii tena kisigino, kinachomoka kila hatua, na malengelenge yanaanza kabla hujafika stendi.