Ethanoli kwenye gari la petroli: namba zinazokuonyesha ukomo wako

Swali la kwanza huwa "niweke ethanoli asilimia ngapi?" Hakuna jibu moja linalofaa magari yote. Gari lako lina jibu lake, na unaweza kulisoma kabla ya kumimina hata lita moja. Ninaongelea gari la kawaida la petroli, lenye injekta (vinyunyizio vya mafuta kwenye injini) na sensa ya oksijeni, ambalo halikutengenezwa kutumia mafuta mseto, yaani petroli na ethanoli kwa kiwango chochote. Herufi E na namba inayofuata ni asilimia ya ethanoli (alkoholi inayochanganywa na petroli) kwa ujazo: E10 ni sehemu 10 za ethanoli na 90 za petroli.

Kilo moja ya petroli inahitaji kilo 14.7 hivi za hewa ili iungue yote. Kilo moja ya ethanoli inahitaji 9 tu, kwa sababu zaidi ya theluthi ya uzito wake ni oksijeni iliyomo tayari ndani ya molekuli. Nguvu nayo inapungua: lita ya petroli ina megajuli 32 hivi, lita ya ethanoli 21. Kwa hiyo, kwa hewa ileile, injekta lazima zimwage mafuta mengi zaidi. Ukilinganisha na petroli tupu, E20 inataka nyongeza ya asilimia 7 hivi, E30 inataka 11, E50 inataka 21, na E85 inataka takribani 42. Ziweke namba hizi karibu, tutazirudia.

Sensa ya oksijeni haijui umeweka mafuta gani. Inachoona ni oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Ikibaki nyingi, kompyuta ya injini huongeza muda wa injekta kubaki wazi. Nyongeza hiyo ndiyo marekebisho ya mafuta, nayo huonekana kwenye kifaa chochote cha kusomea kinachochomekwa kwenye soketi ya OBD-II (tundu la kusomea hali ya injini). Yapo ya aina mbili: ya muda mfupi (STFT), yanayorukaruka kila sekunde, na ya muda mrefu (LTFT), ambayo kompyuta imeyajifunza na kuyahifadhi. Yajumlishe. Kwenye magari mengi jumla ikikaribia asilimia +20 hadi +25 na kubaki hapo, taa ya injini inawaka na msimbo P0171, au P0174 kwa upande wa pili wa injini ya V. Maana yake kompyuta imefika mwisho wa kamba.

Basi hesabu ni nyepesi. Gari linalosoma +2 kwenye petroli tupu lina nafasi ya kufika E30 na kubakiza akiba. Gari linalosoma +12 tayari, labda kwa sababu kuna paipu ya hewa inavuja au injekta zimeziba, litawasha taa kwenye E30, na mwenyewe atalaumu ethanoli. Kwa hiyo pima kwanza: injini ikiwa na moto wake kamili, soma jumla gari likiwa limesimama, soma tena kwenye mizunguko 2,500, kisha ukiwa barabarani kwa mwendo usiobadilika. Ikizidi +5 au ikishuka chini ya -5, tafuta tatizo na ulitatue. Kama petroli unayonunua tayari ni E10, kumbuka kwamba sehemu ya nafasi yako imeshatumika.

Jambo la pili kabla ya kuchanganya ni mpira na chuma. Paipu na oringi za mpira wa asili, gasketi za koki (zile za gome la mti), tangi la bati lililopakwa risasi, vipande vya zinki: vyote hivi ethanoli huvilainisha, huvivimbisha au huvila taratibu. Viton (mpira maalumu wa viwandani), Tefloni na chuma kisichoshika kutu havina shida. Magari ya miaka ya karibuni yametengenezwa yakiwa tayari kwa E10, na Marekani imeruhusu E15 kwa magari madogo ya mwaka 2001 na kuendelea. Brazili petroli ya kawaida ilikuwa E27 kwa miaka mingi, na mwaka 2025 ikapandishwa hadi E30, ila magari ya huko yametengenezwa kwa mafuta hayo. Kwa gari la zamani, shika kila paipu ya mafuta kwa vidole: iliyo laini kupita kiasi, inayonata au yenye nyufa ibadilishwe kwanza. Soma pia kitabu cha gari. Kama bado lina dhamana, kupita kiwango kilichoandikwa humo kunaweza kuifuta.

Ethanoli yenyewe iwe ile kavu ya mafuta, isiyo na maji. Ethanoli ya asilimia 95 haifai kuchanganywa kidogokidogo na petroli, kwa sababu maji yaliyomo huleta balaa nitakayoieleza. Spiriti ya kuwashia na vitakasa mikono viache kabisa: huwezi kujua vimetiwa nini. Methanoli ni kitu kingine. Ni sumu, na inakula alumini kwa kasi zaidi.

Kuchanganya ni hesabu ya shule. Tuseme tangi ni la lita 50, ndani kuna lita 25 za E10, nawe unataka kulijaza liwe E30. Ethanoli inayotakiwa kwa jumla ni lita 15, na iliyomo ni 2.5, hivyo bado 12.5. Ukitumia E85 na E10 kujaza lita 25 zilizobaki, unahitaji lita 13.3 za E85 na 11.7 za E10. Tatizo ni kwamba kinachouzwa kama E85 si lazima kiwe na 85. Marekani kiwango kinaruhusu kuanzia 51 hadi 83, kufuatana na majira na eneo. Kama ya kwako ina 70, hesabu ile inakupa E26. Pima.

Kipimo hakihitaji maabara. Chukua silinda ya kioo ya mililita 100 yenye alama. Tia maji mililita 50, ongeza mafuta 50, ziba, tikisa kwa dakika moja huku ukiachia mvuke mara kwa mara, kisha iache itulie. Ethanoli hukimbilia maji na kushuka nayo, petroli inabaki juu. Soma unene wa tabaka la juu, si la chini, maana ethanoli na maji vikichanganyika hupungua ujazo kidogo na tabaka la chini hukudanganya. Petroli ikibaki 35, zilizoondoka ni 15 kati ya 50: hiyo ni E30. Ikibaki 45, ni E10. Fanya kazi hii nje, mbali na moto, na mafuta uliyopimia usiyarudishe kwenye tangi.

Kuhusu moto kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kwenye dumu la petroli, mvuke ulio juu ya mafuta kwa joto la kawaida ni mwingi mno, hewa haitoshi kuweza kuwaka humo ndani. Kwenye dumu la ethanoli tupu, kati ya nyuzi 13 na 42 hivi za Selsiasi, mvuke ulio ndani uko kwenye kiwango hasa cha kulipuka. Weka dumu chini ardhini unapomimina, usimimine likiwa juu ya zulia la buti, na ujue kwamba mwali wa ethanoli hauonekani vizuri mchana.

Panda kwa hatua. Mimi huanza E20, natembeza gari kwa mchanganyiko wa mjini na barabara ndefu mpaka LTFT itulie, ndipo naongeza. Usijaze mafuta mapya kisha ukaliegesha gari usiku kucha: asubuhi kompyuta itawasha injini kwa hesabu ya mafuta ya jana. Mafuta ya kwanza yenye ethanoli nyingi huosha utando uliokaa kwenye tangi miaka yote na kuupeleka kwenye filta, kwa hiyo weka filta mpya tayari. Gari likianza kukosa nguvu mlimani baada ya tangi la kwanza au la pili, shuku filta kabla ya kitu kingine.

Sasa penye hatari ya kweli. Ukikanyaga mafuta hadi chini, kompyuta nyingi huacha kuisikiliza sensa na kutumia jedwali la mafuta lililohifadhiwa ndani yake. Baadhi huchukua LTFT na kuiongeza kwenye jedwali, na hizo ziko salama kiasi. Nyingine hazichukui, na hapo lambda (hewa iliyopo ikigawanywa kwa hewa inayohitajika) iliyokusudiwa kuwa 0.87 inapanda hadi 0.97 kwenye E30. Ethanoli hupooza silinda na haigongi (hailipuki yenyewe kabla ya wakati) kirahisi, lakini valvu za moshi bado zinapata joto lisilotarajiwa. Dawa ni kupima kwa sensa ya lambda ya masafa mapana, na usome lambda yenyewe. Kipimo kinachoonyesha "14.7" kinazidisha lambda kwa namba ya petroli, hakijui una E30.

Injekta nazo zina ukomo. Zikibaki wazi asilimia 70 ya muda kwenye mzigo kamili wa petroli, E30 inazipeleka 78, E50 inazifikisha 85, na E85 karibu 100, yaani hazifungi. Ndiyo maana naona E30 ni mahali pa busara pa kuishia bila kubadilisha injekta na programu.

Asubuhi ya baridi, ethanoli haitoi mvuke wa kutosha. Petroli ina sehemu nyepesi zinazowahi kuruka, ethanoli inasubiri nyuzi 78 ndipo ichemke. Kwenye E30 tofauti ni ndogo. Kuanzia E50, chini ya nyuzi 10 hivi, utapiga stata mara nyingi, na petroli isiyoungua itashuka kwenye oili.

Maji ndiyo balaa niliyoahidi. E10 hubeba maji kama asilimia 0.5 tu, robo lita kwenye tangi la lita 50. Yakizidi, ethanoli hujitenga na kushuka nayo chini, pale pampu inapofyonza. Gari linazima au linamisi, na petroli iliyobaki juu imepoteza oktani, yaani uwezo wa kuzuia kugonga. Hakuna cha kuongeza kitakachorekebisha, mwaga yote.

Magari ya kabureta hayajirekebishi. Jeti, kile kitundu kinachopitisha mafuta, lazima ipanuliwe: kwa E30 eneo la tundu liongezeke asilimia 11, yaani kipenyo asilimia 5 na nusu.

Kuhusu faida, gawanya bei ya lita kwa kilomita zinazotembewa na lita hiyo, maana E30 itakula lita nyingi zaidi kwa asilimia 8 hivi kuliko E10. Oktani ya juu husaidia injini yenye turbo au mbano mkubwa. Injini ya kawaida isiyogonga haipati nguvu ya maana. Ukirudi kwenye petroli ya mwanzo, marekebisho yanapaswa kushuka hadi namba ulizoandika kabla ya kuanza. Yakibaki +8 juu ya hizo baada ya tangi zima, tatizo si mafuta tena: kagua presha ya pampu ya mafuta, kisha paipu za hewa.